Dawati la Msaada la Chuo Kikuu Liko Garsen

Nywila ya kwanza ya chuo kikuu anayokutana nayo kijana wa Tana River hakuitunga yeye. Akifungua tovuti ya KUCCPS, shirika la serikali linalowagawia waliofuzu nafasi za vyuo, anaandika nambari yake ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na mwaka alioufanya, kisha penye nywila anaweka nambari ya cheti chake cha kuzaliwa au ile ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Ukiutazama ukiwa Nairobi, mpango huo hauna tatizo: kila mtahiniwa ana cheti, kila cheti kina nambari. Lakini Novemba 2023 mvua za El Niño ziliujaza mto Tana hadi ukavuka kingo zake, na Aprili na Mei 2024 ukafurika tena. Familia nyingi zilihamia kambi za muda kwenye miinuko. Mtu anayekimbia maji hushika watoto kwanza, halafu mbuzi na godoro, na bahasha ya vyeti huja mwisho kama itakumbukwa. Maji yaliyochukua cheti yalichukua na nywila. Kupata cheti kingine ni safari ya kwenda kwa msajili wa vizazi na vifo, na maombi yake siku hizi hupitia eCitizen, tovuti nyingine inayodai nywila nyingine.

Vyuo vikuu vya Kenya vina wakurugenzi wa TEHAMA, vina vitengo vya kuwahudumia watumiaji, na vina madawati ya msaada yenye nambari za simu na anwani za barua pepe. Wanaoongoza kazi hiyo hupimwa kwa hesabu zinazojulikana: mitambo ilikaa hewani kwa muda gani, malalamiko mangapi yalipokelewa, mangapi yakafungwa. Hesabu hizo zinamhusu aliyefika. Aliyekwama njiani hahesabiwi popote. Mtaalamu wa Marekani Don Norman, alipokuwa katika kampuni ya Apple mwanzoni mwa miaka ya 1990, ndiye aliyelipa jina suala la uzoefu wa mtumiaji, na tangu hapo amesisitiza kwamba halikomei kwenye skrini. Linahusu kila kitu anachopitia mtu ili apate anachokitafuta: chombo, maelezo, huduma, foleni na mtu anayemjibu. Kwa kipimo hicho, cheti kilichozama Tana Delta ni suala la mkurugenzi wa huduma za watumiaji sawasawa na seva ya chuo iliyozimika Kilifi.

Tana River ilikuwa na watu 315,943 katika sensa ya 2019, wametawanyika katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 35,000. Tume ya Ugavi wa Mapato iliitaja miongoni mwa kaunti 14 zilizoachwa nyuma, zile ambazo Hazina ya Usawazishaji iliwekwa kwenye Katiba kwa ajili yake. Mwanafunzi wa huku akiitwa chuoni, mara nyingi anashuka Kilifi kwenye Chuo Kikuu cha Pwani, Mombasa kwenye Chuo Kikuu cha Kiufundi, au anapanda na mto hadi Garissa. Wengine wanapelekwa mbali zaidi, Eldoret au Kisumu, mahali ambapo hawajawahi kukanyaga. Kabla ya safari hiyo, kwa wengi walio upande wa delta, kuna safari ya kwanza: kwenda Garsen.

Garsen na Minjila jirani yake ndipo barabara za Malindi, Hola na Lamu zinapokutana. Mpokomo anatoka Ngao au Tarasaa, Mworma na Mwardei wanatoka kwenye malisho, na wote wanaishia kwenye mlango uleule, wa saiba, duka la kompyuta na intaneti. Ukutani kuna karatasi zilizobandikwa zikitaja kila kitu ambacho serikali imekihamishia mtandaoni: PIN ya ushuru ya KRA, cheti cha maadili mema, leseni ya kuendesha, usajili wa walimu wa TSC, KUCCPS, mikopo ya wanafunzi ya HELB. Nyuma ya kompyuta amekaa kijana ambaye pengine naye alitamani chuo. Anapokea bahasha, anaskani, anapunguza ukubwa wa picha ili tovuti ikubali kuipokea, anajaza fomu, anampa mteja simu ili aweke PIN ya M-Pesa, na anaprinti risiti. Stima ikipotea katikati ya kazi, anaanza upya.

Huyu ndiye dawati la msaada la vyuo vikuu vya Kenya. Hayumo katika orodha ya mishahara ya chuo chochote wala hajaalikwa kwenye mafunzo yoyote ya chuo. Mabadiliko ya tovuti huyaona siku ileile anapoyaona mteja wake. Hata hivyo, idadi ya maswali anayojibu kuhusu vyuo katika msimu wa maombi ingetosha kumpa kazi afisa wa chuo, na anayajibu kwa Kiswahili, kwa Kipokomo, kwa Kiorma, ilhali tovuti zenyewe zimeandikwa kwa Kiingereza cha ofisini. Anayetaka kuongoza huduma za teknolojia za chuo kikuu na akataka kujua zinavyofanya kazi, aanzie hapa.

Atakachokiona kwanza ni hatari iliyo katika tarakimu. Kila kozi katika kila chuo ina nambari yake yenye tarakimu saba. Shahada ya ualimu ya chuo kimoja na ya chuo kingine zinatenganishwa na tarakimu, na anayeichapa nambari hiyo si kijana mwenyewe. Mwenyewe amesimama nyuma ya kiti, hajui anachapiwa nini, na anaona haya kuuliza mara ya pili kwa sababu foleni ni ndefu. Kosa likitokea, kuna dirisha la kurekebisha machaguo, na baadaye kuna maombi ya kuhama chuo. Ila kila dirisha ni nauli nyingine ya kuja Garsen. Ada ya maombi ya KUCCPS ni shilingi 1,500, kiasi ambacho kila mtu anakitaja. Nauli, bando, ada ya saiba na siku iliyopotea shambani havitajwi kwenye tovuti yoyote.

Kisha kuna akaunti. Ili kuomba ufadhili, kijana anahitaji barua pepe na nambari ya simu. Wengi hawajawahi kuwa na barua pepe kabla ya siku hiyo. Kitambulisho cha taifa hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18, na laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho, kwa hiyo anayemaliza shule akiwa na miaka 17 hutumia laini ya mama au ya mjomba. Mara nyingine mhudumu wa saiba humfungulia barua pepe kwa nambari ya simu ya duka, kwa kuwa msimbo wa kuthibitisha lazima uingie kwenye simu iliyo karibu. Nywila inaandikwa kwenye daftari la kaunta. Hakuna ubaya uliokusudiwa hapo. Ubaya unajitokeza Septemba, kijana akiwa mwaka wa kwanza Kilifi, zaidi ya kilomita 150 kutoka Garsen: amesahau nywila, anabofya pale pa kuirejesha, na msimbo unaingia kwenye simu ya mtu mwingine. Afisa wa dawati la chuo anamwambia alete barua pepe sahihi. Kijana hana jibu, na afisa haoni kosa liko wapi, kwa maana kosa lilitendeka miezi kadhaa nyuma katika chumba ambacho chuo hakikijui.

Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 na ina Kamishna wa Data. Vyuo vimeandika sera za faragha, na wanafunzi huzikubali kwa kuweka alama kwenye kisanduku. Lakini daftari la kaunta lenye nambari za vitambulisho vya wazazi, vyeti vya vifo na nywila za ukoo mzima liko nje ya sera zote hizo. Sipendekezi askari watumwe kulitafuta. Daftari hilo liliandikwa kwa sababu waliobuni mifumo walidhani kila mwanafunzi ana simu yake, laini yake na faragha yake. Dhana hiyo ikiondolewa, daftari litakosa kazi.

Mwaka 2023 mzigo uliongezeka. Serikali ilileta mfumo mpya wa kufadhili vyuo vikuu, na wanafunzi wakatakiwa kuomba msaada na mkopo kupitia HEF, tovuti ya ufadhili wa elimu ya juu. Kiasi anachopata mwanafunzi kinategemea majibu yake kuhusu hali ya nyumbani: wazazi, mapato, shule alizosoma, ndugu wanaosoma. Majibu hayo humweka katika kundi, na kundi huamua familia italipa nini. Maana yake ni kwamba swali likieleweka vibaya kwenye saiba ya Garsen, kosa hilo linageuka kuwa karo. Mfugaji akiulizwa mapato yake ya mwezi ajibu nini, ikiwa mwezi huu ameuza ng'ombe mmoja na miezi minne iliyopita hakuuza chochote? Mkulima wa mpunga au wa maembe anayevuna kwa msimu naye aseme nini? Mwaka 2024 wanafunzi wengi nchini walilalamikia makundi waliyowekwa, na rufaa zikafunguliwa kwenye tovuti ileile. Tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikasimamisha utekelezaji wa uamuzi huo. Mawakili waliweza kufuatilia hayo yote. Mhudumu wa saiba alilazimika kukisia.

Tena kuna anwani zenyewe, jambo linaloonekana dogo ila mimi linanikera kweli. Kwa miaka, tovuti ya KUCCPS imeishia kwa .net, na za HELB na HEF kwa .co.ke, kama za kampuni za biashara. Anwani za serikali ya Kenya huishia kwa .go.ke, na za vyuo kwa .ac.ke. Tunawafundisha vijana wajihadhari na matapeli kwa kutazama mwisho wa anwani, halafu siku ya jambo kubwa zaidi katika maisha yao tunawaambia wasiutazame. Mtumiaji hulindwa kwa kuzoeshwa alama moja isiyobadilika. Kubadilisha anwani hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Si kwamba nchi hii haijui kumhudumia mtu wa mbali. M-Pesa ilianza kwa majaribio mwaka 2005, wakati huo lengo likiwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Waliokuwa wakiendesha majaribio waliwatazama watumiaji na kugundua kwamba watu walikuwa wanatumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, wakageuza huduma ifuate matumizi hayo, na ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuwa ya kutuma pesa nyumbani. Menyu yake ilikuwa na Kiswahili. Muhimu zaidi, kampuni ya simu inayoiendesha ilielewa kwamba mtu hamwamini mtambo, anamwamini wakala aliye karibu, ikamfanya wakala huyo kuwa sehemu ya mfumo: anafunzwa, ana kamisheni, ana alama inayotambulika mlangoni, ana nambari ya kupiga akikwama. Wakala wa M-Pesa wa Garsen akipata tatizo ana pa kupeleka malalamiko. Mhudumu wa saiba aliyejaza fomu za chuo za nusu ya kijiji hana.

Mkurugenzi wa huduma za watumiaji katika chuo cha Pwani angeweza kubadilisha hilo katika msimu mmoja. Awatambue wahudumu hao kwa majina na maduka yao, kuanzia Garsen, Hola, Bura na Madogo. Awape mafunzo ya siku mbili kabla ya dirisha la maombi, na ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiswahili ambao mteja anausoma akiwa kwenye foleni ili ajue atakachoulizwa. Awape laini ya simu inayopokewa na mtu, pamoja na masharti: nywila haiandikwi kwenye daftari, barua pepe haifunguliwi kwa nambari ya duka. Huduma Centre zipo tangu 2013, na HELB ina madawati katika nyingi kati yake. Mafunzo yakifanyika huko, gharama inakuwa ndogo. Kuhusu lugha, Bodi ya Mikopo ya Tanzania hutoa mwongozo wake kwa Kiswahili kila mwaka. Katiba yetu, katika Ibara ya 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Fomu ya kuomba karo haina sababu ya kukikwepa.

Halafu aje akae. Jakob Nielsen, aliyefanya kazi kwa miaka mingi na Norman, aliandika mwaka 2000 kwamba kuwatazama watumiaji watano tu wakijaribu mfumo kunafichua sehemu kubwa ya kasoro zake. Watano hupatikana Garsen kabla ya saa nne asubuhi. Akae kando, asiwasaidie, atazame. Ataona picha ikikataliwa kwa sababu ni nzito, bila tovuti kueleza ipunguzwe vipi. Ataona ukurasa ukimtoa mtu nje baada ya kukaa kimya kidogo, wakati mtu mwenyewe alikuwa anampigia baba yake kuuliza nambari ya kitambulisho. Ataona fomu isiyohifadhi kilichokwisha kujazwa. Haya ni makosa ambayo mtayarishaji programu mzuri anayaondoa kwa wiki chache, na hayaondolewi kwa kuwa aliyeyatengeneza ana stima isiyopotea na intaneti isiyokatika.

Mwaka 2020 tulikaribia kulielewa hili. Machi ile vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, masomo yalihamia mtandaoni, na wanafunzi wakawa nyumbani, delta na malishoni. KENET, mtandao unaoviunganisha vyuo na taasisi za utafiti za Kenya tangu 1999, ulijadiliana na kampuni za simu ili wanafunzi wapate bando za bei nafuu. Kwa miezi michache kila chuo kililazimika kuuliza mwanafunzi yuko wapi, ana simu gani, mtandao unashika saa ngapi. Vyuo vilipofunguliwa, maswali hayo yalifungwa. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichozinduliwa Agosti 2023 na kinachofundisha kwa mtandao, hakiwezi kuyafunga, maana mwanafunzi wake hahami nyumbani. Huko ndiko ningependa kuona mkuu wa huduma za watumiaji akiwa na sauti sawa na ya mkuu wa taaluma.

Watu wa Tana wana jambo la kuwafundisha wasimamizi hawa. Mafuriko ya Garsen mara nyingi si ya mvua ya Garsen. Maji yanatoka milimani, yanajaza mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na bwawa la Masinga likifurika KenGen, kampuni ya umeme inayoyasimamia, hutoa tahadhari kwa wanaoishi chini ya mto, kama ilivyofanya 2023 na 2024. Tahadhari hiyo ina kasoro zake, na kuna wanaosema huwafikia wakiwa tayari wamelowa, lakini wajibu wa kuitoa umekubaliwa: anayefungua maji juu anamjua aliye chini. Katika huduma za vyuo wajibu huo bado. Fomu inabadilishwa Nairobi, kiambatisho kipya kinadaiwa, tarehe ya mwisho inasogezwa, na habari inafika Garsen kwa picha iliyosambazwa na wengi kwenye WhatsApp bila kujulikana kama ni ya kweli. Wiki mbili za taarifa kwa wahudumu waliosajiliwa, kabla ya badiliko lolote, zingeokoa nauli za watu wengi.

Mafuriko yenyewe yaingie kwenye ratiba. Misimu inajulikana, masika na vuli. Barabara ya Garsen kwenda Lamu ilipozamishwa pale Lango la Simba, hakuna aliyeshangaa kwamba mabasi yalisimama. Basi na tarehe ya mwisho nayo isimame kwa wanafunzi wa wadi zilizozingirwa na maji, bila wao kuandika barua ya kuomba. Shule ya mwanafunzi imo katika nambari yake ya mtihani. Mfumo unajua anatoka wapi, kinachokosekana ni amri ya kuutumia ujuzi huo.

Na sasa kuna sababu ya kuharakisha. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na KCSE ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 itafikia mwisho 2027. Kundi la kwanza la mtaala mpya, lililoingia gredi ya kumi Januari 2026, litabisha hodi vyuoni 2029 likiwa na nambari za aina nyingine na masomo yaliyopangwa kwa njia nyingine. Tovuti zote hizi zitaandikwa upya, zikiwemo za KUCCPS na za kila chuo. Zabuni zitatangazwa na wataalamu watakodiwa. Mkataba wa kazi hiyo uwe na sharti lililoandikwa: hakuna ukurasa unaopokewa wala kulipiwa kabla haujajaribiwa na watahiniwa wa Garsen, Hola na Bura, kwa simu zao, kwa Kiswahili, mwezi wa Aprili mvua ikinyesha.